Madaftari Mawili ya Parokia

Watu wengi wakiulizwa parokia ni nini, hujibu upesi: ni nyumba ya Misa. Siku ya Mungu kengele inalia, tunavaa nguo safi, tunaimba, tunatoa sadaka, tunarudi nyumbani. Halafu mlango unafungwa mpaka juma lijalo. Jibu hilo si uongo, lakini ni nusu ya kweli. Misa ni moyo wa parokia. Lakini moyo haukai peke yake kifuani. Unapeleka damu mpaka mikononi na miguuni. Mtu ambaye moyo wake unapiga lakini mikono yake haisogei, tunasema ni mgonjwa.

Sisi tunaowaandikia ni katekista wa parokia moja ya mji wa Goma, mahali ambapo ardhi ni mawe meusi ya volkano, yale tunayoyaita makoro. Tulisoma seminari; upadri haukuwa fungu letu, lakini Mungu alitupa kazi nyingine: kufundisha, kusindikiza wafu, na kuandika. Hiyo kazi ya kuandika ndiyo tunataka kuisema leo. Kwa maana katika sanduku la buro ya parokia yetu mna madaftari mawili, na kwa kuyashika hayo mawili tulifahamu vizuri parokia ni ya nani.

PAROKIA NI YA NANI?

Neno parokia latoka katika lugha ya Kiyunani. Maana yake ya zamani ni kukaa kando ya watu wengine, kukaa kama jirani au kama mgeni katika nchi isiyo yako. Basi ujirani umo ndani ya jina lenyewe.

Tena Eklezya haikukata parokia kwa kuhesabu vichwa vya wabatizwa tu. Iliikata kwa kupima nchi: toka barabara hii mpaka mtaro ule, toka soko mpaka ziwa. Kitabu cha sheria za Eklezya cha mwaka 1983 chasema, katika kanuni ya 518, kwamba kwa kawaida parokia ni ya mahali, na yawakusanya waamini wote wa mahali hapo. Lakini kanuni za 528 na 529 zaenda mbali zaidi. Zamwagiza paroko afanye bidii ili habari njema iwafikie hata wale wasioshika imani yetu. Tena awatafute maskini, wenye mateso, wapweke, na waliofukuzwa mbali na nchi yao. Angalieni neno hilo: awatafute. Sheria haisemi awangoje mlangoni.

Na paroko ni mtu mmoja. Ana macho mawili na miguu miwili kama sisi sote. Atawatafutaje watu elfu na elfu? Hawezi, asipokuwa na watu wa kumsaidia.

SIKU SITA ZA JUMA

Tazameni juma moja la parokia yetu. Siku ya kwanza asubuhi buro yafunguliwa. Wanakuja wanaotaka barua ya ubatizo, wenye matanga, na wenye ugomvi wa parsela ambao wanaogopa kwenda mbele ya Leta kabla ya kupata shauri. Siku ya pili wamama wa Caritas wanatembelea wagonjwa, wakibeba uji katika chupa ya moto. Siku ya tatu mangaribi mashirika yanakutana nyumba kwa nyumba. Siku ya nne na ya tano mchana, wanafunzi wakisha kutoka, wamama wasiojua kusoma wanakaa katika mabenchi ya watoto wao na kujifunza kuandika majina yao. Siku ya posho ni salongo: vijana wanashika jembe na ufagio, wanasafisha mitaro ili mvua isiingize uchafu katika nyumba za watu.

Na kila siku ya kazi watoto wanaingia shule iliyo katika uwanja wetu. Shule hizo zilinyang’anywa na Leta mwishoni mwa mwaka 1974, zikarudishwa kuongozwa na makanisa kwa mkataba wa tarehe 26 mwezi wa pili 1977. Ndani yake wanakaa watoto wa Wakatoliki, wa Waprotestanti, wa Wakimbangu, wa Waislamu, na wa wasiosali popote. Hakuna anayeshangaa. Hatujasikia mwalimu akimfukuza mtoto kwa sababu baba yake hasali kwetu. Mushike neno hilo, kwa maana tutalirudia.

Shirika nalo ni nini? Ni jamaa chache za avenyu moja zinazojuana kwa majina, zinazosali pamoja na kusaidiana. Mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, wakachagua njia hiyo ya jumuiya ndogo zenye uzima, ili Ukristu usiwe tena kitu cha misioni ya mbali bali kitu cha nyumba na nyumba. Faida yake si sala tu. Padri hawezi kujua kwamba katika nyumba ya tano upande wa kushoto mtu hakula tangu jana. Mama wa nyumba ya sita anajua, kwa kuwa hakuona moshi.

MAJI YA PAA

Mufikiri pia juu ya maji. Goma iko kando ya ziwa Kivu, lakini maji safi ni shida kubwa. Mawe ya volkano yamejaa nyufa. Mvua yanyesha, na maji yanazama mara moja. Kuchimba kisima katika mawe yale ni kazi ngumu. Maskini wanateka ziwani, na kipindupindu tunakijua kwa jina tangu mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofika kwa mamia ya maelfu na kufa kwa wingi kando ya barabara zetu.

Basi kanisa letu lina paa kubwa la manjanja: mita 30 kwa urefu na mita 14 kwa upana. Hesabu ni nyepesi, nasi tuliwafundisha watoto wa katekisimu. Mvua ya milimeta moja juu ya meta moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Paa letu ni meta za mraba 420. Mvua ya milimeta 10, nayo si kubwa kwetu, inatoa lita 4,200, ndizo bidoni 210 za lita 20. Tuseme mengine yanamwagika: hata hivyo bidoni 180 au zaidi zinabaki. Vijana waliweka mifereji kando ya paa, na matangi mawili, na robine. Maji yale yanachemshwa au yanatiwa dawa kabla ya kunywewa. Lakini kwa kufua, kuoga na kupika, ni baraka.

Na nani anateka? Jirani wote. Pale mwanzo mtu mmoja aliuliza kama wasio wakristu watalipa zaidi. Padri paroko alicheka, akamwuliza: mvua hii imetoka kwa nani? Bwana wetu alisema wazi kwamba Baba wa mbinguni anawanyeshea wema na wabaya. Basi tungewezaje kuipokea mvua hiyo juu ya paa, na kuigawanya kwa dini pale chini kwenye robine?

Juu ya maji neno lilikwisha upesi, kwa sababu maji yalitosha. Shida yenyewe ilikuja juu ya unga.

DAFTARI LA KWANZA

Kwanza tuseme juu ya daftari la ubatizo. Kila mkristu yumo ndani: jina lake, wazazi wake, msimamizi wake, aliyembatiza, mahali na siku ya ubatizo, tena mahali na siku aliyozaliwa. Ndivyo sheria ya Eklezya inavyotaka, kanuni ya 877. Pembeni tunaongeza kipaimara na ndoa. Daftari hilo halifutwi.

Katika nchi yetu daftari hilo lilifanya kazi kuliko ilivyofikiriwa. Sheria ya Leta yataka mtoto aandikwe komini katika siku 90 tangu kuzaliwa. Lakini wazazi wangapi wanafanya hivyo? Vita, safari, ujinga, na woga wa kuombwa pesa vinawazuia. Halafu mtoto anafika miaka 12, shule inauliza tarehe, na mama anakumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yakivunwa. Hapo wanakuja parokiani, nasi tunafungua daftari. Barua ya ubatizo haichukui nafasi ya karatasi ya Leta, lakini inasaidia kuitafuta. Ndiyo sababu siku ya ubatizo tunawaambia wazazi: leo mmemwandikisha mtoto mbele ya Eklezya, kabla ya siku 90 kwisha, mmwandikishe komini pia.

Daftari hilo la kwanza lauliza swali moja: wewe ni nani mbele ya Kristu? Ni swali kubwa. Hatutaki kamwe lidharauliwe.

DAFTARI LA PILI

La pili lilizaliwa mwaka 2021. Tarehe 10 ya mwezi wa tano mwaka huo, Papa Fransisko aliandika barua ya kusimamisha huduma ya katekista katika Eklezya yote. Siku 12 baadaye, posho tarehe 22, mkesha wa Pentekoste, mlima Nyiragongo ulipasuka. Wazee walikuwa wameona jambo hilo tayari tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002, moto ulipopita katikati ya mji na kuharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Sisi wakati ule tulikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mara hii moto ulisimama pembezoni mwa mji, lakini ulikula vijiji na nyumba nyingi. Na ardhi ikatetemeka siku nyingi. Alfajiri ya tarehe 27 tulipewa amri ya kutoka. Watu kwa mamia ya maelfu walishika njia: wengine Sake, wengine Rwanda, wengine Rutshuru. Chukudu zilibeba magodoro na wazee.

Tuliporudi katika mwezi wa sita, jamaa nyingi zilizounguliwa na nyumba zilikuja kukaa kwa ndugu zao ndani ya mipaka ya parokia yetu. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na watano. Mashirika yalikusanya unga, maharagi na sabuni. Paroko akaita baraza, akatuambia: Mwalimu, lete daftari jipya. Tukapiga mistari: jina, avenyu, hesabu ya watu, wagonjwa, kitu walichopewa.

Hapo mzee mmoja wa baraza akasimama. Ni mtu wa haki. Asubuhi yuko kanisani kabla ya padri. Akasema: “Baba Paroko, na wewe Mwalimu, mniwie radhi. Unga huu umetoka wapi? Umetoka katika kikapu cha wakristu. Yuko mama mmoja wa shirika letu, mjane, anauza sambaza sokoni. Kila siku ya Mungu anatoa franka mia mbili, na mjukuu wake ni mgonjwa kitandani. Tukimpa mtu asiyetoa kitu hapa wala hasali pamoja nasi, na mjane huyu akakosa, tutamjibu Mungu nini? Hata Mtume Paulo, alipowaagiza Wagalata watendee watu wote mema, aliwataja zaidi walio wa nyumba ya imani. Pigeni mstari mwingine hapo: dini. Wa nyumbani kwanza, wa inje baadaye.”

Wengi wakaitikia. Nasi twasema wazi, neno lake halikuwa neno la uchoyo. Lilikuwa neno la mtu anayemjua mjane kwa jina.

Ndipo mama mkubwa wa Caritas akajibu, bila kusimama, maana miguu inamwuma: “Baba, mimi sina kitabu. Nakumbuka tu njia ya Sake. Siku ile nilikuwa na wajukuu wanne na bidoni tupu. Mwanamke mmoja alitoka katika nyumba yake, akatujazia bidoni. Mpaka leo sijui anasali wapi. Yeye pia hakuniuliza.”

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha paroko akaamua, na baraza likakubali. Sanduku la shirika libaki la shirika: undugu wa wale wanaosali pamoja, wa kumsaidia yule mjane na mjukuu wake, na hakuna atakayeligusa. Lakini kikapu cha parokia kifuate mipaka ya parokia. Na daftari la pili lisiwe na mstari wa dini, wala mstari wa kabila. Liulize swali moja tu: umekosa nini?

Msifikiri kwamba siku ile mambo yote yalinyoka. Unga ulikwisha kabla ya orodha. Jamaa kumi na moja zilirudi mikono mitupu, na kati yao walikuwa wakristu na wasio wakristu. Tuliwaambia wazi: leo hakuna. Juma lililofuata tulianzia kwao. Mzee wetu mwenyewe ndiye aliyebeba gunia mpaka nyumba ya kwanza, na kichwani hakuwa amebadilisha shauri lake lote. Alituambia njiani: “Mwalimu, mimi ninatii, kuelewa kutakuja.” Utii wa namna hiyo tunauheshimu.

UBATIZO HAUNUNULIWI KWA MAHARAGI

Katika siku zile zile alikuja buroni mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Akasema: “Mwalimu, niandikie mtoto ubatizo leo.” Tukamwuliza anasali wapi. Akataja kanisa lingine. Tukamwuliza kwa nini basi. Akainamisha macho: alisikia kwamba maharagi yanafuata majina ya ubatizo.

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo tulipoona faida ya kuwa na madaftari mawili. Kama tungalikuwa na moja tu, mama huyu angalimwuza mtoto wake kwa kilo tatu za maharagi, nasi tungalikuwa wanunuzi. Sakramenti ingegeuka tikiti. Na kesho, maharagi yakiisha, imani yake ingeisha nayo, kwa haki kabisa.

Tulifungua daftari la pili, tukaandika jina lake, avenyu, watoto watatu. Alipata fungu lake kama wengine. Halafu tukamwambia: “Mama, ubatizo ni jambo jingine. Ukilitaka siku moja kwa moyo, mlango uko wazi, nasi tutatembea pamoja polepole. Lakini leo hudaiwi kitu.” Hakurudi kuomba ubatizo. Anaendelea kusali kule kwao. Tunaonana kwenye robine, tunaulizana habari za watoto. Tumetosheka.

Wako wanaosema: hiyo ni hasara, wema usioleta wakristu una faida gani? Tunajibu kwa habari mbili za kale.

Ya kwanza imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Katika Eklezya ya Yeruzalemu wajane wa watu wa lugha ya Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Manung’uniko yakatokea. Mitume hawakusema kwamba chakula ni jambo dogo lisilo la dini. Walitaka watu saba wachaguliwe, wenye sifa njema na wenye kujaa Roho na hekima, wakawawekea mikono. Ona: ugomvi wa kwanza juu ya orodha ulizaa huduma takatifu.

Ya pili ni ya kaisari Yuliano, aliyetawala Roma toka mwaka 361 mpaka 363. Huyu aliuacha Ukristu, akataka kurudisha ibada za miungu. Katika barua kwa kuhani wake mkuu mmoja alilalamika kwamba wakristu hawalishi maskini wao tu. Wanalisha hata maskini wa dini yake yeye, na kwa hiyo ni aibu kwa makuhani wake. Akaagiza wajenge nyumba za kupokea wageni, wafanye kama wakristu wafanyavyo. Adui mwenyewe ndiye shahidi. Hakusema kwamba nyimbo zetu ni nzuri. Alisema kwamba mkate wetu unapita mipaka.

DAFTARI LISILOSALITI

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia ndani ya mji wa Goma. Umeme ukakatika, maji ya mabomba yakakatika. Watu walilala mahali popote palipo na ukuta: shuleni, hospitalini, makanisani. Parokia yetu nayo ilijaa. Mabenchi tuliyapanga kando ya ukuta ili watoto walale katikati. Matangi ya paa yalitoa maji tuliyoyapima kwa kikombe.

Usiku mmoja, risasi zikisikika, tulifikiri juu ya lile daftari sandukuni. Likianguka mikononi mwa mtu mwenye hasira, litamwambia nini? Litamwambia kwamba jamaa fulani ina watoto watano na ilipokea kilo nne za unga. Halitamwambia mtu huyu ni wa dini gani, wala ni wa kabila gani. Katika nchi yetu tumeona watu wakifa kwa neno moja lililoandikwa katika karatasi. Jina lenyewe laweza kusema mengi, twajua. Kwa hiyo katika siku zile tuliacha hata majina, tukaandika hesabu tu: watoto ishirini upande huu, wazee saba upande ule. Mstari ule tuliokataa kuupiga mwaka 2021 tulikuwa tumeukataa kwa ajili ya upendo. Mwaka 2025 tuliona kwamba kumbe ulikuwa pia ulinzi.

MASHAURI KWA PAROKIA NYINGINE

Pengine katika parokia yenu kuna wanaotaka kuanza kazi hii. Tunawapa mashauri machache, si kama wakubwa, bali kama jirani aliyepita njia kabla yenu.

Kwanza, daftari la maskini lisishikwe na mtu mmoja. Kwetu watu watatu wanaandika pamoja, na mmoja wao ni mama. Anayeandika hagawanyi, anayegawanya haandiki. Kwa maana ndugu zako nao wako katika orodha, na jicho la ndugu lina upendeleo hata bila kutaka.

Pili, musisome majina ya maskini kanisani baada ya Misa. Umaskini si tangazo la ndoa. Nendeni nyumbani kwao mangaribi, kwa heshima, mpige hodi.

Tatu, musingoje mali kutoka ng’ambo. Msaada wa mbali ni mwema ukifika, lakini hauji kila juma. Paa la kanisa mnalo. Chumba cha shule kilicho wazi mchana mnacho. Mama anayejua kusoma mnaye. Yaanzieni hayo.

Nne, na hili ni kubwa: parokia isigeuke ghala. Tumeona mahali ambapo watu wanajua siku ya kugawanya mafuta, lakini hawajui tena siku ya Mungu ni ya nini. Unga wa wiki hii ulitoka katika sadaka ya altare. Ulipelekwa na watu waliokula Mwili wa Bwana. Mkate wa altare ukikosa, kikapu nacho kitakauka, maana hakuna atakayekijaza kwa furaha. Ndiyo sababu tunayashika yote mawili, na kila moja katika mahali pake.

Msamaria wa mfano wa Bwana hakumwuliza yule mtu aliyeanguka njiani anasali katika mlima gani. Alimtazama kidonda. Na Bwana hakumwambia mwalimu wa sheria akasifu habari hiyo; alimtuma aende naye afanye vile vile.

Basi, ndugu wasomaji, kesho si siku ya Mungu kwa wengi wenu mtakaoshika gazeti hili. Kengele haitalia kwa ajili ya Misa kubwa. Lakini katika avenyu yenu kuna nyumba isiyotoa moshi. Mnaijua. Mwende, mpige hodi, mwulize swali moja tu. Mungu awabariki.